Fimbo Iliyosoma Kumi na Nane

Ilianza Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Dakika ninazikumbuka kwa sababu Mzee Mligo alitazama saa yake ya mkononi, kisha akanitazama mimi, akasema, "Kazi inaanza saa kumi na mbili na nusu. Ng'ombe wamefika. Karani ndiye hajafika." Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesimama nyuma ya ukuta wa josho tangu saa kumi na mbili kamili. Niliogopa tu kujitokeza.

Naandika haya kwa ajili yenu wawili mtakaoshika daftari baada yangu. Nina miaka kumi na tisa na kijijini wananiita mstaafu. Jina hilo lilitoka kwa Mzee Mligo, mhudumu wa josho, ambaye yeye amestaafu kwelikweli, mwezi huohuo niliotoka mimi. "Mimi nimeitumikia serikali tangu nina meno yote," alisema, "wewe umekaa misimu miwili. Na wote tumetoka na koti la mvua moja moja." Sasa josho limekabidhiwa kikundi cha wafugaji, na kikundi kimeamua kuwa na makarani wawili, ili mmoja amwangalie mwenzake. Sababu ya uamuzi huo ni mimi. Ndiyo maana naona ni haki mjue ilikuwaje, na mengi hayamo kwenye daftari la josho. Yamo kwenye shajara yangu, ambayo huwa naiambia mambo ninayoshindwa kuwaambia watu.

Josho mnalijua. Liko bondeni, chini ya shamba la miti ya miwati, pale barabara ya Njombe inapoanza kuteremka kuelekea Makambako. Siku ile ya kwanza ukungu ulikuwa umelalia bonde lote, nikawa nasikia ng'ombe kabla ya kuwaona. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Shuleni nilijulikana kwa jambo moja, kutoinua mkono. Baba ndiye aliyewaambia watu wa ofisi ya kijiji kwamba nina mwandiko mzuri. Hakuna aliyeuliza kama naogopa ng'ombe.

Naogopa ng'ombe. Wa kwanza kuruka siku ile alikuwa fahali mwekundu. Alifika ukingoni akagoma, wenzake wakamsukuma kwa nyuma, akatumbukia na kichwa chote kikazama. Nilipiga kelele. Alipoibuka, macho yake meupe na pua zikitoa maji ya kijivu, niliona kama mtu anayetoka kuzikwa. Harufu ya dawa ilinipanda kichwani. Mzee Mligo alichukua kalamu niliyoangusha, akaifuta kwa suruali yake, akanirudishia.

"Andika," akasema. "Fahali mmoja. Karani nusu."

Mtu wa pili kuniona siku ile alikuwa Mama Sifa, mjane anayekaa upande wa juu wa kisima. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, Maua, aliyempata akiwa bado mtamba, hajazaa, kupitia kikundi cha kina mama kanisani. Kila Alhamisi alikuwa wa kwanza, na kila Alhamisi aliniuliza swali lilelile: "Karani, leo umeshasema maneno mangapi?" Nikitabasamu tu, anawageukia wengine: "Hata moja bado! Anatunza."

Kazi ilikuwa hivi. Unasimama kwenye kichochoro, unahesabu vichwa, unaandika jina la mwenye mifugo. Wale kumi wa kwanza wanarudishwa kuogeshwa mara ya pili, kwa sababu dawa imelala chini wiki nzima na wao ndio wanaoikoroga. Watu watagombana nanyi juu ya hilo. Kila mtu anataka asiwe wa kwanza. Msikubali. Ng'ombe wakishatoka wanasimama kwenye uwanja wa sakafu wachuruzike, na maji yanarudi shimoni. Mwisho wa yote unateremsha fimbo ya kipimo mpaka iguse chini, unaitoa, unasoma palipolowa.

Fimbo ile alichonga Mzee Mligo mwenyewe, ya mti mgumu uitwao mlade, yenye alama ishirini. Ishirini maana yake josho limejaa. Kumi na sita maana yake usiogeshe mnyama yeyote. Kila ng'ombe anatoka amebeba maji kwenye manyoya, kwa hiyo kila wiki josho linashuka, na kila alama iliyoshuka inajazwa kwa maji na dawa kwa kipimo chake. "Ni kama chai," alinieleza. "Ukiongeza maji, ongeza na majani. La sivyo unawapa wageni maji ya moto halafu unashangaa hawarudi."

Kupe nilianza kwa kuwachukia, kisha nikawaogopa, na mwishoni, sijui niseme nini, nikawa nawawaza sana. Mzee Mligo alikuwa anaweza kumgeuza ndama sikio na kuwasoma kama barua. Huyu wa kahawia anayekaa sikioni ndiye mbaya, ndiye mwenye ugonjwa wa ndigana kali, unaoua ng'ombe. Akiwa mdogo kama punje ya mchanga ananyonya mnyama mmoja, anaanguka, anajibadilisha. Anapanda jani, ananyoosha miguu ya mbele, anasubiri wa pili. Anaanguka tena, anakua, anasubiri wa tatu. Anaweza kusubiri miezi. Hana haraka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Jike akishiba anavimba kama harage, anaanguka, anataga mayai maelfu, anakufa.

Niliwahi kumuuliza ni nani anayemwambia kupe sasa nyonya, sasa acha, sasa taga. Akabetua mdomo. "Mimi nawaua tu. Kamuulize mwalimu wako." Nilikwenda kweli, wakati wa kuchukua matokeo Njombe. Mwalimu wa baiolojia alisema ndani ya kila seli kuna ujumbe unaoandikwa na kupelekwa, na kwamba huenda kuna vijumbe vidogo sana vinavyokataza na kuruhusu, ambavyo watu bado hawajavijua vizuri. Nilirudi nyumbani nikifikiria karani mdogo aliyekaa ndani ya kupe, anayeandika hiki ndiyo, hiki hapana. Huyo hakosei hesabu, niliandika kwenye shajara. Matokeo yangu sitayataja.

Zamani dawa ya josho ililetwa na serikali. Mwaka nilioanza mimi ilikuwa imekoma. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kinauzwa na kila mtu ananunua mwenyewe, na dawa ikawa ya kufuata Makambako. Duka tulilotumia lilikuwa nyuma ya stendi, la Bwana Hemedi, mtu wa Ujiji, kule ziwani, aliyehamia na biashara, mwenye kofia safi hata siku za matope. Mara ya kwanza nilikwenda na Mzee Mligo, tumekaa juu ya magunia ya viazi kwenye lori.

"Karibu mzee wa kupe!" Bwana Hemedi alipaza sauti.

"Nimekaribia, mzee wa faida."

"Faida gani? Tangu mje ninyi Wabena na maswali yenu, hata chai sijanywa." Kisha akanigeukia. "Binti, njoo. Ukinunua dawa, kwanza tazama mdomo wa kopo. Huu nimeukuta umefungwa hivi, na nakupa umefungwa hivi. Ukikuta umefunguliwa, usichukue, hata kama muuzaji ni mimi."

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilitamani kusema asante. Niliisema tulipofika nusu ya njia kurudi.

Msimu wa kwanza wa mvua ulipita salama. Fimbo ilishuka, tukajaza. Ilishuka, tukajaza. Wafugaji walinung'unika kila tulipowaambia dawa imepungua, lakini walinunua. Kabla ya msimu wa pili, ofisi ya kijiji iliazima mabati matatu kutoka kwenye paa la josho ili kumalizia choo chake. Walisema ni kwa wiki mbili. Mabati hayo bado yapo kwenye choo, mnaweza kwenda kuyaangalia.

Mwezi wa kumi na mbili mvua ikaanza. Wakati huo macho ya Mzee Mligo yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo fimbo nikawa naisoma mimi peke yangu. Alhamisi ya mwisho ya mwezi huo nikasoma kumi na nane.

"Ngapi?"

"Kumi na nane."

"Vizuri. Leo hatuongezi. Tungoje ishuke hadi kumi na saba, ndipo tujaze."

Alhamisi iliyofuata, kumi na nane. Na iliyofuata. Haikushuka. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri. Wafugaji walifurahi sana, maana wiki zilipita hawajaombwa dawa. Mwenyekiti wa kamati ya josho alinipongeza mbele ya watu. "Karani wetu ana mkono wa kubana. Angekuwa mwanamume tungempa stoo." Nilitazama chini, lakini nawaambia ukweli, moyoni nilifurahi. Hakuna aliyewahi kunipongeza mbele ya watu. Usiku kucha kunanyesha, mabati matatu hayapo, na mimi nafurahi kwamba shimo halipungui.

Mwezi wa pili nikaona kupe. Ilikuwa Jumatatu, siku nne tu baada ya kuogesha, nilipopita kwa Mama Sifa kuchukua maziwa. Maua alikuwa amezaa, ndama jike mweusi mwenye doa jeupe. Nilimkuna Maua chini ya sikio na vidole vyangu vikakutana na kupe wakubwa, wazima, wakichezesha miguu. Nilitoa mkono haraka kama nimeungua.

Nilimwambia Mzee Mligo. Akasema kupe wameizoea dawa, inatokea. Wafugaji nao walikuwa na jibu lao, na lilikuwa tamu zaidi: Hemedi anachanganya dawa na maji. "Dawa ya ruksa hiyo," walisema. "Enzi za serikali kupe alikuwa anaanguka akiliona josho tu." Sikusema kitu. Kopo nililifungua mimi kwa mkono wangu, mdomo wake ulikuwa mzima.

Maua akaugua. Tezi chini ya masikio zilivimba mpaka ukaziona kwa mbali. Akaacha kula, akapumua kama mtu anayepanda mlima, mwisho povu likatoka puani. Alikufa Jumamosi asubuhi, amelala ubavu kwenye nyasi alizokatiwa na hakuzigusa. Mama Sifa hakulia. Alikaa chini karibu na kichwa chake, akawa anamfukuza nzi, kama bado wanamsumbua. Aliponiona hakuniuliza nimesema maneno mangapi. Aliuliza, "Karani, si nilikuwa wa kwanza kila Alhamisi?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Mzee Mligo alikuwa amewahi kunionyesha jambo alilojifunza chuoni ujanani mwake. Unachukua kupe majike walioshiba, unawatia kwenye dawa muda mfupi, unawakausha, unawaweka kwenye chupa tupu ya dawa ya sindano yenye kizibo cha pamba, unangoja. Kama dawa ina nguvu, hawatagi. Alinionyesha kama mtu anavyoonyesha picha za zamani. Mimi nilifanya na chupa tatu. Alhamisi, kabla ng'ombe hawajaruka, nilitoa kupe kumi na watano. Watano niliwatia kwenye maji ya kisima. Watano kwenye maji ya josho, niliyochota baada ya wale ng'ombe kumi wa kwanza kuyakoroga. Watano kwenye dawa niliyochanganya upya kutoka kwenye kopo la Bwana Hemedi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Nikaweka zote kwenye kichanja cha jikoni, palipo na joto. Mama alipouliza nikasema ni mbegu. Sio uongo kabisa.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Kama kupe wa chupa ya tatu wangetaga, basi ama dawa ya Hemedi ni mbovu au kupe wameizoea kweli, na mimi niko salama. Nawaambieni, niliomba watage. Nilipiga magoti kabisa.

Jumapili ya pili baada ya hapo, tulipotoka ibadani, nilishusha chupa. Ya maji ya kisima ilikuwa imejaa mayai, ya kahawia, yanang'aa, kama ulezi uliomwagika. Ya tatu, wale wa dawa mpya, walikuwa wamekauka kama kokwa za matunda, hakuna hata yai. Nilishika ya katikati mwisho, kwa sababu nilijua. Ulezi. Umejaa mpaka kwenye pamba.

Nikachukua daftari. Kumi na nane, kumi na nane, kumi na nane. Wiki tisa. Ng'ombe wanatoka na maji kila wiki na shimo halishuki. Mtoto wa darasa la nne angeuliza maji yanatoka wapi. Yalitoka juu, kwenye tundu la mabati matatu. Mvua ilikuwa inajaza kile ambacho ng'ombe walibeba, na mvua haina dawa. Fimbo ilisema kweli kila wiki. Inapima kina tu, haijui kilichomo. Kujua ilikuwa kazi yangu.

Jumatatu nilimkuta Mzee Mligo akigongomea lango.

"Kamwene, mzee," nikamsalimu kwa Kibena.

"Kamwene. Leo si Alhamisi."

"Najua."

"Basi kuna msiba."

Nikampa chupa tatu, nikamweleza kila moja. Alivua miwani, akaifuta, akavaa, akazitazama tena moja moja kwenye mwanga.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Wewe, mzee."

"Nilikosea." Hakucheka. Aliinua macho kwenye paa, pale anga ilipoonekana. Alikuwa ameelewa kabla sijafungua daftari. Kisha akasema polepole, "Binti, nimebakiza wiki sita. Ijumaa kuna mkutano na Hemedi ameitwa. Watamlaumu, watakwenda kununua kwingine, watatuambia tumwage hili tujaze jipya. Josho litapona. Hakuna atakayeuliza fimbo."

"Na Bwana Hemedi?"

"Hemedi ana duka. Mimi nina jina tu."

Nikasema, "Ndiyo, mzee." Kusema ndiyo kwangu ni rahisi kuliko kupumua. Lakini njiani nilianza kuhesabu. Wakimwaga la zamani na kujaza jipya, mabati bado hayapo. Mvua inaendelea mpaka mwezi wa nne. Dawa mpya itazimuliwa vilevile, mimi nitasoma kumi na nane, wanyama watakufa, na wakati huo hatakuwepo Hemedi wa kulaumu. Alhamisi ile niliandika majina kama kawaida na kila ng'ombe aliyeruka niliona anaruka kwenye maji ya mvua. Mama Sifa alimleta ndama amemfunga kamba ya katani. Nilitaka kumwambia mrudishe, usimchoshe bure kwenye baridi. Nikaandika: ndama mmoja.

Mkutano ulikuwa saa tisa alasiri, darasani, shule ya msingi. Watu wazima walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Bwana Hemedi alikaa mbele, kofia yake safi, kopo la dawa miguuni. Nilikaa karibu na mlango. Daftari nililiweka mapajani, na zile chupa tatu, alizonirudishia Mzee Mligo, zilikuwa mfukoni.

"Mheshimiwa mwenyekiti," mmoja alianza, "sisi hatuna maneno mengi. Huyu atuambie bomba lake la maji liko wapi, tukachote wenyewe."

Watu wakacheka. Mwingine akaongeza, "Katoka huko kwao na dagaa, kaja kutuuzia supu yake!"

Bwana Hemedi akasimama. "Ndugu zangu, mimi sina bomba. Kopo hili hapa. Fungueni."

"Hilo umeleta la maonyesho!"

"Kaa chini!"

"Ng'ombe wa mjane kafa, wewe unaleta kopo!"

Mama Sifa alikuwa mstari wa pili. Alikuwa anamtazama Bwana Hemedi kwa macho ambayo sijawahi kumwona nayo, na nilijua macho yale ni yangu, yamepewa mtu asiyehusika.

Mwenyekiti akagonga meza. "Kwanza tusikie takwimu. Karani asome ng'ombe walioogeshwa."

Nikasimama. Nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka.

"Sauti, binti! Hapa si maombi ya kimya."

Sikuweza kuunda sentensi. Lakini kusoma naweza. Kwa hiyo badala ya ukurasa wa vichwa nikafungua ukurasa wa fimbo, nikaanza kusoma tarehe moja baada ya nyingine. Alhamisi, kumi na nane. Alhamisi, kumi na nane. Nilipofika ya nne, mtu mmoja akasema, "Safi sana, hapo hakuna kasoro." Ya sita, kukawa na kunong'ona. Ya kumi nilipoimaliza, nje mvua ilikuwa inaanza tena, inapiga mabati.

"Mbona haishuki?" Mama Sifa akauliza.

Nikaelekeza kidole juu, kwenye sauti ya mvua. "Mabati matatu ya josho hayapo," nikasema. "Mvua ilikuwa inaingia. Niliona kipimo hakishuki na sikuuliza. Wiki kumi wameogea maji. Dawa ya Bwana Hemedi ni nzima." Nikaweka chupa tatu juu ya meza ya mwalimu, nikasema ipi ni ipi. Zikazunguka. Mwanamke mmoja alipoona mayai akairudisha chupa kama imemng'ata.

Kisha kelele. Sitaandika yote niliyoitwa. Mwenyekiti, yule wa mkono wa kubana, alisema mwandiko mzuri umeficha kichwa kibovu. Baba alikuwa nyuma na hakusema kitu, na nilimshukuru kwa hilo. Katikati ya kelele Mzee Mligo akasimama, taratibu, anatazama kofia aliyoishika mkononi.

"Aliyesoma ni yeye," akasema. "Aliyemwambia tusiongeze ni mimi. Na alipokuja kuniambia Jumatatu, nilimwambia anyamaze. Andika na hilo, mwenyekiti."

Akakaa. Hakunitazama.

Bwana Hemedi ndiye aliyenyamazisha watu. Hakuwa na furaha. "Binti, umeniacha nimetukanwa nusu saa nzima, na majibu unayo mkononi," aliniambia mbele ya wote. "Hilo tutazungumza siku nyingine. Sasa sikilizeni. Sindano ya ndigana ninayo. Inasaidia siku za mwanzo za homa. Mnyama akishaanza kupumua kwa shida, msije dukani, mtapoteza nauli. Anayetaka ndama wake apone, amshike tezi kesho, asingoje keshokutwa."

Mkutano ukaamua josho lifungwe, mabati mengine yatafutwe, maji yake yamwagwe kwenye shimo la taka la josho, sio mtoni. Hayo mmeyakuta kwenye kumbukumbu za kikao.

Kesho yake, Jumamosi, niliamka saa kumi na moja na nusu. Nilichukua daftari la majina, kopo lenye mafuta ya taa kidogo la kutumbukizia kupe, na kitambaa. Mvua ilikuwa imekatika, nyasi zinalowesha sketi mpaka magotini, na katika kila jani niliona miguu imenyooshwa inanisubiri. Nilikuwa nimeamua kupita nyumba kwa nyumba kwa mpangilio wa daftari, na nilitaka sana daftari lianze na mtu mwingine.

Mama Sifa alikuwa ameshaamka. Alisimama kwenye mlango wa zizi, hakunikaribisha, hakunifukuza.

"Kamwene, mama. Nimekuja kumshika ndama tezi."

Alisogea, nikaingia. Ndama alirudi nyuma mpaka ukutani. Niliogopa teke, niliogopa pembe ambazo hata hazijaota, na zaidi ya yote niliogopa kile ambacho vidole vyangu vingekutana nacho. Niliingiza mkono chini ya sikio la kulia. Ngozi ilikuwa ya moto. Chini yake kulikuwa na kitu kigumu, kikubwa kama yai la njiwa.

"Vipi?" Mama Sifa akauliza. "Ni yenyewe?"

Siku zote ningesema sijui, mama, tungoje Mzee Mligo.

"Ni yenyewe," nikasema. "Ana homa. Lakini anapumua vizuri, na nyasi za jana amekula. Leo ndiyo siku ya sindano. Nitakwenda Makambako mimi, kwa mguu nikikosa lori."

Kisha akapiga goti kwenye matope, akakumbatia kichwa cha ndama, akakibana kwapani ili nisiumizwe.

"Watoe kwanza hao walioko sikioni," akasema. "Usimwachie hata mmoja."

Nikaanza na sikio la kulia. Nilimaliza jua linapotoka, nikahamia la kushoto.